Mambaru, Vumbi na Spana

Wacha nianze na ile stori inachomanga wasee wa Mambaru, yaani Subaru: tangu Safari Rally irudi kwa mashindano ya dunia 2021, ndai yenye imekuwa ikibeba ushindi ni Vitz. Toyota wenyewe wanaiita Yaris, lakini hapa mtaani Yaris na Vitz ni mtu na ndugu yake, ile ndai ya masa ya kuenda soko Wakulima, ile inakupeleka keja usiku ukikosa mathree. Sébastien Ogier alishinda nayo 2021. Kalle Rovanperä akafuata 2022, Ogier akarudi 2023, Rovanperä tena 2024, halafu Elfyn Evans 2025. 2022 na 2023 Toyota walimaliza namba moja, mbili, tatu na nne, hawakuachia mtu hata mfupa. Subaru nao walitoa timu yao kwa rali ya dunia mwisho wa 2008. Kuna mamorio wako sekondari saizi wenye walizaliwa Subaru ikiwa ishahepa.

Na bado. Wikendi ya rali, simama pale juu ya Mai Mahiu penye watu huuza mahindi choma na ngozi za kondoo, ucheki kenye kinashuka Naivasha. Impreza. Forester. Legacy. Impreza tena. Outback. Forester ya XT yenye boneti iko na tundu la hewa. Impreza tatu zimefuatana ka matrela. Hapo ndio unajua mapenzi ya ndai hapa Kenya hayasomi tu matokeo. Yako na mizizi ingine, na hiyo mizizi ni vumbi, sauti, hewa ya huku juu, na mikono ya mafundi wenye hawajai pewa kombe na mtu yeyote.

Anza na vumbi. 1953 Waingereza walianzisha mbio za kusherehekea kutawazwa kwa Elizabeth wa Pili, zikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Sherehe ikaisha, mbio zikabaki. Miaka mob zilikuwa zinapigwa Pasaka, kwa barabara za kawaida, zile zile za kupeleka maziwa na chai. Hakukuwa na tiketi. Rali ilikuwa inakupitia mlangoni, na mabuda wetu walikuwa wanalala kwa kingo za barabara wakingoja kuona taa kwa giza. Kwa hivo kila rika lilikuwa na ndai yake. Peugeot 404 ilishinda 1963, halafu 1966, 1967 na 1968 bila kupumzika. Datsun 240Z ikashinda 1971 na 1973. Shekhar Mehta, mwenye alikuwa ndani ya hiyo 240Z ya 1973, akarudi na Datsun ingine akashinda 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano. Celica za tabo zikachukua 1984, 1985 na 1986, na 1994 Ian Duncan akashinda na Celica, Mkenya wa mwisho kubeba Safari ikiwa mbio za dunia.

Na watu walikuwa wananunua kenye walikiona kikitoka kwa matope ya Mau kikiwa kizima. Peugeot 504 ilishinda 1975 na 1978, na hiyo hiyo 504 ndio ilikuwa inabeba watu kuenda shags, mizigo imefungwa juu ya keria, kuku imefungwa miguu ndani. Hakuna tangazo lingefanya hiyo kazi. Mzae aliona ndai ikipita kwake na spidi ya kuogofya, ikaruka, ikaanguka na magurudumu manne, ikaendelea. Alipopata doh alijua atanunua gani.

Mambaru iliingia kwa hiyo stori na mlango mdogo kabisa. 1993 Subaru walileta kandai kanaitwa Vivio, injini ya cc 660. Pikipiki nyingi zinaipita hiyo injini. Colin McRae alipewa moja akaikanyagia wese hadi ikakataa njiani. Patrick Njiru alipewa ingine, akaifikisha mwisho na kushinda klasi yake. Fikiria tu hiyo kitu: Mkenya, ndani ya kandai kadogo hivo, kwa rali yenye ilikuwa inamaliza injini za viwanda vikubwa. Mwaka ulifuata Njiru akamaliza namba nne kwa jumla akiwa na Impreza. 1997 McRae akashinda Safari na Impreza, 2000 Richard Burns akaishinda nayo tena. Ile bluu, zile rimu za dhahabu, mtoi yeyote wa Nakuru au Nyahururu mwenye aliiona ikipita hakuwai rudi sawa.

Halafu 2002 ikakuwa mwisho. Safari ikatolewa kwa ratiba ya dunia, na kwa karibu miaka ishirini rika lote lilikua likiskia rali ya dunia ka stori ya mabuda. Lakini cheki venye mambo yalijipanga. Rali yenyewe ilihepa, ndai zake zikakam na meli. Impreza za mtumba kutoka Japan zilikuwa zinashuka Mombasa, na msee mwenye miaka ya tisini alikuwa ukingoni wa barabara akiwa na miaka kumi, sasa alikuwa na kazi, na loni ya sako. Hiyo ndio siku Mambaru ilihama kutoka kwa vumbi ikakuja mtaani. Haikuletwa na wanunuzi wa fasheni. Ililetwa na watoi wenye walikuwa wanaingoja.

Sasa sauti. Injini za familia ya EJ, pistoni zake hazisimami wima. Zimelala, mbili kushoto, mbili kulia, zinatupa ngumi ka mabondia, na ndio maana dunia nzima inaziita boksa. Paipu za ekzosi zenye zinatoka kwa hizo silinda, kwa EJ mob, hazikuwa na urefu sawa. Moshi wa silinda moja unafika kwa kiungo mapema, wa ingine unachelewa, na hapo ndio inatoka ile dundo ya kuvunjika-vunjika yenye unaiskia ukiwa kitandani ghorofa ya tano. Wengi hudhani ni silensa ya bei. Hapana, ni urefu wa paipu. Kwa injini mpya ya FA20 ya tabo, Subaru walisawazisha hizo paipu. Tabo ikaanza kuamka mapema, injini ikapumua vizuri, lakini dundo ikaenda. Kuna wasee hapa Nairobi wananunua paipu zisizo sawa ndio wairudishe, wakijua kabisa wanapoteza nguvu kiasi. Mimi nawaelewa kabisa. Msee anayependa ndai hafuati nguvu pekee, na mtu mwenye hajai skia hiyo dundo ikipanda kutoka chini ya daraja la Globe saa kumi na moja asubuhi hawezi kuniambia ni upuzi.

Kuna kitu ingine yenye wasee wa pwani hawaijui vile sisi tunaijua. Hewa. Nairobi iko juu karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Injini bila tabo inapoteza karibu asilimia 1 ya nguvu kwa kila mita 100 zenye unapanda. Piga hesabu: ile ndai yenye ilikuwa inavuta poa Kilindini, ikifika hapa imeacha zaidi ya asilimia 15 njiani. Ipeleke Limuru, juu ya mita 2,200, inaanza kuitisha gia ya chini kwa mlima wenye Mombasa ungeuita tambarare. Tabo nayo inakamata hiyo hewa nyepesi, inaibana, inaisukuma ndani ya silinda, na injini inapata karibu ile pumzi ilikuwa nayo baharini. Ndio maana mbogi ya Nairobi, Nakuru na Eldoret huongea tabo kila saa. Wengi wanadhani ni sifa tu. Ni jiografia. Msee wa Eldoret akikwambia Forester yake ya XT ilipita ndai ya injini kubwa kwa mlima, usibishane naye sana, altitudo iko upande wake.

Lakini hiyo tabo iko na ngori yake, na hapa ndio ndai mob hufa. Impreza ya WRX ama STI yenye iliundwa kuuziwa Wajapani, kompyuta yake iliandikiwa mafuta ya Japan, yale ya bei ya oktani 100. Mafuta ya sheli zetu hayafiki hapo. Oktani ikiwa chini, mchanganyiko ndani ya silinda unaweza lipuka kabla ya wakati wake, pistoni bado inapanda, na huo mgongano unaitwa kunoki. Mara moja mbili kompyuta itajisahihisha, irudishe cheche nyuma. Ukiongeza presha ya tabo bila kuandika ramani mpya ya kompyuta, unapasua pistoni penye ringi zinakaa, ama unakula beringi. Na beringi ya EJ ikianza kugonga, buda, hiyo sauti ni tofauti kabisa na ile dundo tunapenda. Ni kavu. Kila fundi anaijua akiwa mbali.

Kuna fundi mmoja Kariobangi Light, mzae wa kama miaka sitini, hana bango kwa mlango na hajai kosa kazi. Nilikuwa pale Jumamosi moja kijana akakam na Impreza nyeupe, imeoshwa hadi tairi zinang'aa.

"Shikamoo mzae. Nataka ikuwe inalipuka nikitoa mguu kwa mafuta. Ile ya pa-pa-pa."

"Marahaba. Oili ulibadilisha lini?"

"Si kitambo, mzae."

"Lini?"

Kijana akaangalia simu. Mzae akafungua boneti, akavuta kijiti cha oili, akakipangusa na kitambaa, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa imeshika ncha tu, nyeusi ka lami.

"Kijana, hii ndai inalia na wewe unaitisha fataki. Nenda ulete oili na filta. Hizo kelele tutabonga ukirudi mwezi ujao, na uje na hiyo oili ikiwa pale pale juu."

Hakumtusi, hakumcheka. Alimpa stuli akae aone venye oili inamwagwa. Halafu akamweleza: hiyo pa-pa-pa ya kutengenezwa na kompyuta ni mafuta yameachiliwa yachomekee kwa ekzosi badala ya silinda. Joto lote linaenda kwa tabo na valvu. Ukiweka kwa ndai yenye haijapewa oili, unajinunulia injini ingine. Kijana alikaa pale hadi jioni. Nilimpata tena miezi baadaye, ako na daftari ndani ya dashibodi: kilomita, tarehe, oili, plagi, gasketi. Ukiniuliza, hiyo siku ya daftari ndio aliingia kwa huu mchezo.

Hii ndio pointi yangu yote, na sitaizungusha. Heshima ya ndai hainunuliwi yadi ya Ngong Road. Msee anaweza shuka na STI ya mamilioni, kila kitu imewekwa na mtu mwingine, na akiulizwa iko na presha ngapi anapiga simu. Mwingine ako na Impreza ya kawaida bila tabo, rangi imeanza kuchoka, lakini amefungua kila bolti na mikono yake. Wa pili ndio mbogi huita usiku mtu akikwama Gilgil.

Na si kitu mpya. Joginder Singh, mwenye watu walimuita Simba, alizaliwa Kericho 1932, akaanza ka spana boi kwa garaji ya babake. 1965 alishinda Safari na Volvo PV544 yenye timu ya kiwanda ilikuwa ishaitumia. Kwa lugha yetu, mtumba. Ndugu yake Jaswant alikuwa kando akisoma njia. Viwanda vilikuwa vimeleta ndai mpya na mafundi wa kutosha, na hao ndugu wawili wakawaacha kwa sababu Joginder alijua kila sauti yenye hiyo Volvo ilikuwa inatoa na maana yake. Akashinda tena 1974 na 1976 na Mitsubishi Lancer. Kila nikiskia mtu akisema hii kitu ni ya watoi wa matajiri, naanza na hiyo Volvo.

Spea nazo ni elimu peke yake. Kirinyaga Road, yenye wazee bado wanaita Grogan, unaweza pata kitu yoyote ukijua jina lake. Ukikosa jina, utauziwa kitu yoyote. Chukua rimu. WRX za kawaida za zamani zinataka bolti tano kwa duara la milimita 100. STI za kuanzia modeli ya 2005 zinataka 114.3. Ni tofauti ya kama kidole kimoja, na imemaliza mandugu. Utapata msee amenunua rimu kali, amefika keja hazikubali, fundi wa njiani anamwambia watachimba tu hizo matundu zipanuke kidogo. Kataa. Simama hapo hapo ukatae, hata ka ulishalipa. Gurudumu lenye bolti haziketi sawa litatoka ukiwa kwa spidi, na halitakupigia simu kwanza. Ni vile vile na springi za kukatwa na grainda. Ndai inalala chini poa kwa picha, lakini shoki haikuundwa kufanya kazi hapo, na tuta la kwanza la Kayole litakuonyesha. Saizi hata upepo umegeuka, wasee wa Forester wanainua badala ya kushusha, tairi za meno, keria juu, wanaenda Suswa na familia. Inabamba, na inafaa barabara zetu kushinda kitu imeshushwa.

Halafu andika namba ya ndai kwa sidemira na taa. Ndio, zikwaruze hivo hivo, hata ka roho inauma. Mwenye ameshaibiwa sidemira akiwa kwa jam anajua mbona.

Mbogi zenyewe sitasema mengi, ziko ka familia zingine. Kuna grupu ya simu yenye haikosi vita ya Mambaru na Evo za Mitsubishi, kuna wa Golf wamekaa kando wakicheka, kuna wa Mark X hakuna mtu anawatetea. Kuna chama: mtu akipoteza mzazi, mchango unafika kabla ya siku kuisha. Madem wako ndani na si wa kupigwa picha juu ya boneti. Mmoja mwenye naheshimu sana anabadilisha klachi ya Legacy peke yake, na akimaliza anaosha mikono anaenda kazi ya benki. Huku wameingia kitambo: Orie Rogo Manduli aliendesha Safari Rally 1974, mwanamke mweusi wa kwanza kufanya hivo, wakati wanaume wengi wa hii nchi hawakuwa wameshika usukani. Wenye wako na ndai za zamani wako na siku yao Ngong Racecourse, ile Concours ya kilabu cha Alfa Romeo yenye imekuwako tangu 1970. Pale majaji wanaangalia hadi chini ya kapeti. Na wa porini wako na Rhino Charge, tangu 1989, yenye ilianza kuchangia ua la kulinda Aberdare.

Kuna kitu moja lazima niiseme juu inaniuma. 2024, wakati wa maandamano ya Gen Z, Subaru bila alama zilitajwa sana kwa stori za vijana kuchukuliwa mtaani na watu wenye hawakujitambulisha. Ile dundo yenye mimi naipenda, kwa keja zingine ikakuwa sauti ya kuzima taa na kukaa kimya. Msee wa mbogi yetu alikuwa anaenda kuona nyanyake na Forester nyeusi, majirani wakafunga milango. Aliiuza. Nilimuelewa.

Na sasa Thika Road. Ile lami ilifunguliwa 2012, mileni mob, imenyooka, na tangu hapo kila wikendi usiku kuna wasee wanapangana pale Garden City wakisukumana hadi Ruiru. Wanaita kuvutana. Nimekuwa kwa hizo base, nawajua, nawapenda, na nitawaambia kwa uso: wachaneni nayo. Hapa Kenya zaidi ya watu 4,000 wanakufa barabarani kila mwaka, na kundi kubwa ni watu wa miguu. Ile barabara inapita kati ya Kahawa, Githurai na Roysambu. Saa saba usiku kuna mama anatoka kufunga kibanda, kuna askari wa kampuni anavuka kurudi keja, kuna morio wa bodaboda hana taa ya nyuma. Ukiwa na kilomita 180 kwa saa, unamwona na umeshampita, ama umeshamgonga. Breki gani hiyo itakusaidia? Hata McRae kwa kilele chake alikuwa na mtu kando anamsomea njia, kizimba cha chuma juu ya kichwa, helmeti, na barabara imefungwa. Wewe uko na fulana na simu imeshikwa na mwenzako anarekodi.

Nimezika rafiki wa hiyo barabara. Siko tayari kusema zaidi ya hapo.

Serikali nayo ikuwe na aibu kidogo. Tumekuwa na rali inajulikana dunia nzima tangu 1953, na hadi leo hatuna traki kubwa ya lami ya hadhi ya kimataifa yenye kijana anaweza lipa kidogo aende aitoe hiyo presha kwa roho. Karao anaweza shika ndai za kelele kila Ijumaa, na zingine kweli zinafaa kushikwa, lakini kijana mwenye ameambiwa hapana bila kuonyeshwa ni wapi ndio, atarudi barabarani Jumamosi.

Kenye kiko, kimeshikiliwa na watu wenye wanajitolea. Kuna mbio za kupima saa, zenye wasee huita TT. Zingine zinapigwa Whistling Moran huko Athi River. Kule Kiambu barabara inafungwa kwa zile wanaita Kiamburing, jina limechotwa kwa Nürburgring ya Ujerumani likavalishwa Kiambu. Venye inaenda ni rahisi. Ndai inakaguliwa: betri imefungwa, mkanda uko sawa, kizima moto kiko, helmeti iko, hakuna oili inavuja. Unapewa klasi kulingana na injini. Halafu unatumwa peke yako. Hakuna mtu wa kusukumana naye, ni wewe na saa. Marshali wako kwa kona na bendera, ambulensi iko pale.

Hapo ndio ukweli wote hutoka. Nimeona STI imekam na stika kila mahali, dereva anakanyaga kabla ya kona, anakanyaga baada ya kona, katikati anateleza upande ka anaosha sakafu. Halafu msee na Vitz ya gia za mkono, cc 1,500, ametoa viti vya nyuma, ameweka tairi za maana na padi za breki, anaingia kwa kona moja baada ya ingine ametulia, na saa inaonyesha amepita STI na sekunde mbili. Watu hawakumcheka mwenye STI. Mwenye Vitz alimfuata hadi kwa hema akamwambia, "Bro, breki ukiwa bado umenyooka, halafu uachilie polepole ukiingia." Raundi ilifuata STI ilikuwa imekata sekunde nne. Mafunzo hayo Thika Road hakuna mtu atakupa.

Naivasha nayo ni shule kubwa ukienda kuangalia badala ya kulewa. Enda Kedong ucheki ile vumbi laini wanaita feshi-feshi, inaonekana ka barabara na kumbe chini ni unga, gurudumu linazama hadi ekseli. Cheki venye ndai za dunia zinafungwa paipu ya kupumua imepanda hadi paa ndio injini isinywe maji wala vumbi. 2021 Thierry Neuville alikuwa anaongoza hadi Jumapili asubuhi. Huko Loldia shoki ya nyuma ikavunjika, ushindi ukaenda. Takamoto Katsuta, mwenye wengi hawakuwa wanamjua, akamaliza wa pili. Ndai ilivunjikia pale pale penye ndai za mabuda wetu zilikuwa zinavunjikia: chini. Kwa hivo ukipata doh ya kwanza ya kufanyia ndai kitu, anza na shoki, bushi na breki, si ekzosi. Injini yenye nguvu juu ya bushi zimekufa ni hatari, na hakuna mtu kwa grupu atakuambia hivo juu bushi hazipigwi picha.

Kuna saa ingine inahesabu, na watu hawaiangalii. Sheria ya Kenya hairuhusu kuleta ndai yenye imepita miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Injini ya EJ20 ilianza na Legacy 1989. Subaru waliiaga 2019 na STI za mwisho, EJ20 Final Edition, ndai 555 tu, namba ya wale wadhamini wa sigara wenye jina lao lilikuwa ubavuni mwa zile Impreza za bluu. Jumlisha miaka minane. Hizo STI za mwisho zenye ziko na hiyo injini zikishapita umri, mlango wa Mombasa unajifunga. Zenye ziko ndani ndio zitakuwa zote. Ndio maana saizi Impreza za zamani zenye zilikuwa zinaoza nyuma ya garaji za Nyeri na Kitale zimeanza kutafutwa, na mzae mwenye alikuwa anaiita mzigo sasa anaitisha bei ya kiwanja.

Sisi tumepata moja. Ni ya rafiki yangu, Impreza ya 1998, ilikuwa ya babake, namba ya KAP, logibuku iko safi. Ilikaa chini ya mwembe Machakos hadi nyuki wakaingia kwa bampa. Injini tumefungua: silinda ziko poa, beringi tumeweka mpya, gasketi za hedi zimefika wiki jana. Mzae wa Kariobangi amekubali kuja kufunga mwenyewe, na amesema hataki kuskia habari ya fataki. Rangi tumebishana hadi tukalala bila kusalimiana, yeye anataka bluu, mimi nadai ibaki ile kijani ya babake. Kenye kimetushinda ni taa ya nyuma ya kushoto, bila ufa. Kirinyaga Road tumezunguka yote, Ngara pia. Kuna msee wa Changamwe amesema ako nayo, anataka ngiri nane. Tumemwambia sita, na atume picha ya nyuma penye balbu zinaingia.